Watafute watu wako kabla ya jaribio la kwanza

Mwanangu Rehema,

Nimefurahi umepata kitanda Mabibo, kwenye hosteli ya chuo. Umeniambia wenzako wanajua kila kitu na wewe unakaa kama mgeni kwenye harusi isiyo yako. Wengi wao hawakukuzidi akili, mama. Wana kaka au mjomba aliyepita hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawanong'oneza mambo kabla hata hawajafunga begi. Kwetu wewe ndiye wa kwanza, kwa hiyo nimewauliza waliomaliza karibuni, na wote wamerudia jambo moja: tafuta watu mapema. Ukishaanguka, aibu ndiyo itakayokuzuia kuwatafuta.

Kwanza uzijue alama. Kozi waki, yaani majaribio na kazi za muhula, hubeba 40 kati ya 100, mtihani wa mwisho mnaouita UE hubeba 60. C inaanzia 40, B 50, B+ 60, A 70. Aliyezoea kuongoza darasa huku kwetu akirudishiwa jaribio lenye 9 kati ya 20 huona dunia imekwisha, kumbe hiyo ni C. Anaanza kukwepa vipindi, anakosa jaribio la pili, na hapo ndipo anapoanguka kweli. Tena usichanganye sapu na disko. Sapu ni kurudia mtihani: ukifaulu huandikiwa C hata kama ulipata 80, inauma lakini unaendelea na wenzako. Disko ndiko kuondolewa chuo.

Sasa kikundi. Wawe wanne au watano, basi. Wakifika kumi wawili watasema na waliobaki watachaji simu. Usikijaze watu wa shule moja. Mtu akiwa na aibu huwaficha hasa wale wanaomjua zamani. Mmoja awe anaelewa masomo kuliko ninyi, mmoja awe ametoka mbali kama wewe, na mtafuteni wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo atakayewapa mitihani ya miaka iliyopita. Kutaneni mara mbili kwa wiki kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, kwa muda wa saa moja na nusu, siku na saa zilezile. Kila mtu aje na swali moja. Kabla ya mtu kufungua mdomo, wote waandike jibu kwa dakika ishirini kwenye karatasi. Bila hivyo mtakuwa mnamsikiliza mjuaji na kutikisa vichwa, halafu chumba cha mtihani kiwaumbue.

Jadilini kwa Kiswahili mpaka kieleweke, kisha mliandike jibu kwa Kiingereza palepale. Mkiishia kwenye Kiswahili, mtihani utawakuta na maarifa bila maneno. Mkilazimisha Kiingereza tangu mwanzo, mwenye aibu atanyamaza muhula mzima, na nakujua wewe.

Wekeni na sharti moja lisilo la masomo: asiyeonekana mara mbili bila kuaga, mmoja wenu aende chumbani kwake. Asitume meseji, aende. Mtu aliyezama hujibu "niko poa" kwa kidole kimoja akiwa amejifunika shuka.

Mkimkuta hivyo, msimwambie ajikaze. Muulizeni amekula lini, amelala saa ngapi, lini aliingia kipindi mara ya mwisho. Halafu nyamazeni asikike. Kama wiki mbili zimepita halali usingizi, hali chakula, hatoki, msindikizeni kwa washauri nasaha wa chuo au kituo cha afya, mkae naye mpaka aingie. Kumwelekeza tu mlango hakutoshi. Akisema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika moja, na siri hiyo si ya kutunza. Na hayo yote yanakuhusu wewe pia, si mwenzako tu.

Kuhusu bumu, hiyo pesa ya mkopo ya kujikimu, nitakuwa mkali. Bodi ya Mikopo hutoa hadi Sh10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, tangu ilipopandishwa kutoka Sh8,500 mwaka 2022. Likija la siku 60 ni laki sita, na kwa macho ya huku kijijini hiyo ni mali. Toa kwanza pesa ya kitanda, kinachobaki gawanya kwa siku 70, kwa sababu awamu inayofuata huweza kuchelewa. Likitangazwa, saini siku hiyohiyo. Pesa isiyosainiwa hurudishwa Bodi. Pakiwa na tatizo anza kwa afisa mikopo wa chuo, na DARUSO, serikali ya wanafunzi, wana waziri wao wa mikopo, mtumie.

Usitume hata shilingi nyumbani. Najua baba mdogo amekupigia kuhusu mabati, na shangazi anakuita "mwanasheria wetu" kila akikohoa. Ukipigiwa, sema "ongea na mama". Nitawajibu mimi. Wengi wa kwanza katika ukoo hulala njaa wiki ya mitihani kwa sababu pesa ya chakula imegeuka karo ya binamu, na hawasemi, maana wanaona kula chipsi ni kuwasaliti waliobaki kijijini. Kula, Rehema.

Ukiugua au mambo yakizidi, usipande basi kuja Kasulu kimya kimya. Nenda kwanza ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi na cheti cha hospitali, uombe kwa maandishi kuahirisha mtihani au masomo, ungoje barua ya kukubaliwa, na nakala yake umpelekee afisa mikopo. Mwenye barua hurudi kwenye nafasi yake. Aliyeondoka bila kuaga huhesabiwa ametoroka mtihani, na hadithi nzuri atakayokuja nayo baadaye haimsaidii.

Nitapiga Jumapili saa mbili usiku. Nitakuuliza majina ya hao wanne, siyo matokeo. Kama bado ni wawili, niambie wawili.

Mama yako