Kabla ya vishikwambi, jaribuni kadi za karatasi

Mhariri,

Shule ya upili ikipata pesa za teknolojia, wazo la kwanza huwa vishikwambi, kimoja kwa kila mwanafunzi. Tunaziomba bodi za shule za Mombasa zianzie kwingine: projekta moja, simu ya mwalimu na kadi za karatasi. Kwa darasa la wanafunzi 50 wasioruhusiwa kuja na simu, hii ndiyo njia rahisi ya kumfanya kila mmoja ajibu, hata yule wa dawati la nyuma asiyeinua mkono muhula mzima.

Programu yenyewe ni Plickers. Kila kadi ina nambari na mchoro mweusi, na pande zake nne zina herufi A, B, C na D. Swali huonyeshwa ukutani, mwanafunzi anageuza kadi hadi herufi ya jibu lake ikae juu, mwalimu anapitisha kamera ya simu. Kuiga ni vigumu, maana michoro haifanani na herufi ni ndogo. Seti ya kawaida ina kadi 40. Darasa kubwa lichape ile ya kadi 63.

Chapeni kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, kwani plastiki inayometa huizuia kamera kusoma. Kidole kikiziba mchoro, jibu hupotea. Na wanafunzi wakiwa na dirisha mgongoni, kadi huonekana giza tupu. Mwalimu asimame upande wa dirisha, mwanga uangukie kadi.

Hata hivyo, kazi hasa iko katika swali. Kila jibu lisilo sahihi libebe kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Chukueni Jiografia: bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kupita kawaida, hutokea lini? A, mwezi ukiwa mpevu tu. B, mwezi ukiandama tu. C, nyakati zote mbili. D, mwezi ukiwa nusu. Mtoto wa mvuvi wa Mtongwe atachagua C bila kusita, lakini mwulizeni kwa nini maji hujaa sana hata jua na mwezi zikiwa pande mbili zinazokabiliana. Hapo ndipo darasa huchemka, na jibu la nusu mwezi linafungua mlango wa kueleza maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha kwa njia ya namna hii mwaka 1991. Baada ya kura ya kwanza, waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakiwa kati ya 30 na 70, usitoe jibu wala usionyeshe grafu ya kura. Wape dakika 2 au 3 wabishane na jirani aliyechagua tofauti, kisha wapige kura tena. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi, songa mbele. Mwalimu akitangaza jibu mara tu kura zinapoonekana, ubishi hufa papo hapo, na ubishi ndio uliokuwa somo.

Kwa fizikia na kemia, pakueni mapema PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado. Yakishahifadhiwa kwenye kompyuta hayahitaji intaneti, na kadhaa yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Sasa projekta. Mwangaza wake usipungue lumeni 3,000, la sivyo jua la saa nne asubuhi litaifuta picha. Ile ya taa isizimwe ukutani. Feni iachwe ipoeze taa kwanza. Stima ikipotea ghafla taa hubaki na joto na maisha yake hufupika, kwa hiyo nunueni UPS ya VA 650, betri inayoshika papo hapo stima ikipotea. Haitoshi kumalizia kipindi, inatosha kuizima projekta taratibu. Chumvi ya upepo wa bahari nayo hula matundu ya waya: kipindi kikiisha, vifaa virudi katika sanduku lenye kifuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vinavyobadilishwa vikishalowa.

Na mapazia mazito ya upande wa jua yashonwe kabla projekta haijaagizwa.

Walimu wa shule za upili,
Mombasa