Mgonjwa wa kibofu msimuweke mbali na choo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua na mniwie radhi mapema, maana nitakayoandika ni mambo ya chooni na sisi watu wa Tanga mambo ya chooni hatuyasemi mbele za watu. Mzee wangu ndo kabisa. Kaficha mkojo wa damu karibu mwaka mzima, anaingia msalani anamwaga ndoo nzima ya maji anatoka kimya, mpaka siku mama alipokuwa anafua akaona kikoi kina doa akaanza kuuliza.

Basi kupimwa kukafuata, akaingizwa kamera kwenye kibofu, wakakwangua kinyama kikapelekwa maabara, jibu likaja saratani ya kibofu na imeshaingia kwenye msuli. Tukapewa rufaa ya Dar. Huko daktari akatuelewesha vizuri tu kwamba kabla hawajaongelea upasuaji mkubwa mzee atapigwa kwanza kemo, dawa mbili, jemsitabini na sisiplatini, raundi nne, kila raundi ni siku 21, siku ya kwanza anapewa zote mbili halafu siku ya nane anarudia jemsitabini peke yake. Tukapiga hesabu tukaona ni safari nne, na kila safari tunajibanza kwa shangazi Temeke siku tisa au kumi hivi ndo turudi Makorora.

Sasa kila aliyekuja kutupa pole aliuliza nywele. Jamani nywele zitatoka? Mzee ana upara tangu mi niko darasa la nne, nywele kwetu siyo habari. Habari kwetu ni mkojo, na hilo hakuna aliyeuliza, si ndugu si jirani, na hata hospitali hawakuuliza mpaka mambo yalipoharibika.

Mtu mwenye uvimbe kwenye kibofu, tena kimeshakwanguliwa, mkojo haukai. Mzee anakwenda kila nusu saa, na ukimbana haumpi nafasi ya kutafuta viatu. Halafu ile sisiplatini ni dawa kali kwa figo, ili isiziunguze lazima mgonjwa atundikiwe dripu za maji kabla ya dawa na baada ya dawa, lita mbili na zaidi, yenye chumvi na magnesiamu ndani, na bado anaambiwa anywe mengine mwenyewe kwa mdomo. Yaani kibofu kinachogombana na kikombe kimoja cha chai unakimiminia ndoo, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Raundi ya kwanza tulipokelewa kwenye hospitali moja ambayo siitaji, mzee akapewa kiti mwisho kabisa wa ukumbi na choo kiko upande wa pili, inabidi apite mbele ya wagonjwa wote, na stendi ya dripu gurudumu moja limekufa. Kila akitaka kwenda ama nesi aje amfungulie, na nesi yuko mmoja anahudumia ukumbi mzima maskini hata kukaa hakai, ama mi niinyanyue ile chupa juu tutembee hivyo kama tumebeba bendera. Mara ya kwanza tukawahi, ya pili tukawahi, ya tatu hatukufika. Ikamtoka palepale mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zake na mbele yangu mimi binti yake wa kuzaa. Hakusema neno, akavuta shuka tu. Mi nikajifanya naangalia simu, na simu yenyewe ilikuwa imezima chaji.

Kuanzia siku ile mzee akaacha kunywa maji.

Hatukujua. Anachukua chupa anaigusisha mdomoni anairudisha. Kwenye basi kutoka Tanga mpaka Mbezi, kilomita kama 350 hizo, hatii kitu kinywani. Raundi ya pili wakapima damu kabla ya dawa wakakuta kriatinini imepanda, maana yake figo zinalalamika, dawa ikaahirishwa tukakaa Temeke wiki nzima tunamaliza unga wa shangazi. Daktari akamuuliza mzee maji unakunywa, mzee akasema nakunywa sana tu daktari. Mi nikanyamaza, sasa utamuumbua vipi baba yako mbele ya mtu? Nikamvizia daktari nje kwenye korido nikamwambia ukweli wote, kiti, choo, stendi, siku ile ya aibu. Akashika kichwa, akasema mbona hili ndo mlitakiwa kuanza nalo.

Na unajua tiba yake ilikuwa nini Mhariri? Kitanda cha karibu na mlango wa choo, pazia, na kopo la mkojo lenye mfuniko. Basi. Hakikuongezwa chumba wala hakikununuliwa kitu kutoka nje, ni kuhamisha mtu kutoka huku kumpeleka kule, imechukua kama dakika kumi. Kingine wakakubali mdogo wangu wa kiume aingie badala yangu, maana kuna vitu binti hawezi kumfanyia baba yake na baba akabaki na uso wake. Kwenye raundi ya tatu mzee alikunywa maji mpaka nesi akamtania kwamba leo umekuja na kiu ya Ramadhani, na kriatinini ikawa sawa.

Ndo maana nakasirika nikisikia watu wanasema habari ya mgonjwa kujisikia vizuri ni mambo ya hospitali za matajiri, sisi wengine tushukuru dawa ipo. Dawa ipo ndiyo, lakini kama choo kiko mbali mgonjwa hanywi maji, asipokunywa figo zinaumia, figo zikiumia dawa haitolewi. Kwa mgonjwa wa kibofu choo ni sehemu ya dozi, kingeandikwa kwenye cheti kabisa.

Nije kwenye mabasi. Sote tunajua kuchimba dawa ni mpaka dereva aamue. Raundi ya kwanza ndo tumetoka kuipita Mkata mzee akanigusa bega, nikaenda mbele kumwambia konda, konda akajibu mwambie mzee akaze kidogo tunachimba dawa Chalinze. Akaze! Kutoka pale mpaka Chalinze ni zaidi ya saa nzima. Kuna watu wakacheka. Mama mmoja mtu mzima alokuwa na vikapu vya machungwa, nadhani kapandia Muheza, ndo akasimama akamfokea dereva kwa Kidigo na Kiswahili vyote kwa pamoja, basi likasimama. Mungu ampe umri mrefu. Siku hizi tunaomba barua ya daktari inayosema huyu ni mgonjwa asizuiwe kushuka, tunamuonesha konda kabla hatujakata tiketi, na tunachukua siti ya mbele karibu na mlango. Wengi wakiisoma wanakuwa wapole. Ila kwa nini mtu atembee na siri ya kibofu chake kwenye karatasi wakati konda angeweza kuuliza tu kabla ya safari, jamani kuna mgonjwa humu?

Kuna mengine nayasema haraka kwa wenzangu wanaouguza.

Kutapika kwa sisiplatini kuna awamu mbili. Ile ya siku yenyewe wanaidhibiti hospitali kwa sindano kabla ya dawa, ila kuna inayokuja kesho yake na keshokutwa mshafika nyumbani, na hiyo ndo ilimlaza mzee chini. Raundi ya kwanza tulitoka bila vidonge vya kumeza nyumbani. Msiondoke bila kuuliza vya siku tatu nne mbele. Mzee chakula cha moto kilimshinda hata harufu, akawa anaweza uji mwepesi wa mchele uliopoa na chai ya tangawizi kidogokidogo, na akilalamika kila kitu kina ladha ya chuma tukamtolea kijiko cha plastiki, kikasaidia. Mkono ukimuwaka wakati jemsitabini inaingia semeni, nesi mmoja alimwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu mzee akasinzia. Masikio yakianza kuvuma au vidole kufa ganzi mwambieni daktari siku hiyohiyo, msisubiri raundi ijayo.

Na homa! Hapa Tanga mtu akipata joto tunakimbilia duka la dawa tunanunua mseto. Kwa mtu wa kemo hapana, kinga yake ya damu inashuka hasa ile wiki ya pili, joto likifika 38 ni hospitali usiku huohuo, na useme mlangoni kabisa kwamba huyu yuko kwenye kemo. Nunueni kipima joto. Na zile chupa za mitishamba wanazoleta wageni, mi nilikuwa nazipokea kwa adabu naziweka chini ya kitanda, kwa sababu figo zenyewe zinapambana na moja hapo wewe unataka kuziongezea ya pili.

Mkojo wa siku mbili za mwanzo baada ya dawa nao una dawa ndani. Vaa glavu ukimwaga kopo, mwaga maji mengi, nawa. Kwa shangazi choo ni cha nje na tunachangia na wapangaji, kwa hiyo kopo lilitusaidia hapo pia, usiku mzee hana haja ya kutafuta tochi.

Mzee alivuta sigara miaka mingi, hilo halina ubishi. Lakini pia kakulia upande wa Muheza anaoga kwenye mabwawa, na anasema wao utotoni kukojoa damu ilikuwa kawaida, watoto wanashindana. Kile ni kichocho, na kichocho cha mkojo kikikaa miaka kinaweza kuzaa saratani ya kibofu, wataalamu wa kimataifa wa saratani walishakiweka kwenye orodha ya visababishi tangu 1994. Kwa hiyo mtoto akiletewa vidonge vya kichocho shuleni msimfiche nyumbani kwa sababu vinamtia kizunguzungu siku moja.

Ninachoomba kwa hospitali zote zinazotoa kemo ni kidogo. Mgonjwa wa kibofu akifika aulizwe swali moja kabla ya kupangiwa kiti, mzee au mama, unakwenda haja kila baada ya muda gani? Halafu akae kulingana na jibu lake. Mkishindwa kununua stendi mpya tengenezeni magurudumu ya hizo zilizopo, mafundi baiskeli tunao wa kumwaga.

Raundi ya nne ni wiki ijayo. Tiketi nishakata, siti ya mlangoni, barua ya daktari iko kwenye begi pamoja na kopo, na jana jioni nimemkuta mzee barazani na chupa yake ya lita moja na nusu, kaishusha mpaka nusu, ananiambia nijaze tena.

Wenu msomaji,
Binti wa mgonjwa
Makorora, Tanga