Mafundi, pimeni RAM kabla ya kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wetu wa laptopu hapa Mwanza. Sisemi wote, maana wapo wanaojua kazi.

Mimi ni karani wa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Magunia yakishushwa kutoka visiwani naandika ya nani, mangapi, yamelipiwa au bado. Zamani nilitumia daftari, sasa natumia Excel kwenye laptopu niliyoinunua mkononi mwa mtu. Mwezi wa tatu ikaanza vituko. Niko katikati ya hesabu, kioo kinageuka buluu, inajizima, inajiwasha. Leo inaandika kosa hili, kesho lile.

Fundi akapiga Windows, yaani akaifuta na kuiweka upya, Sh20,000. Ikakaa siku nne. Akapiga tena, Sh20,000 nyingine, na safari hiyo hata kupiga kwenyewe kuligoma katikati mara mbili. Niliporudi mara ya tatu akasema mazabodi, ile sakiti kuu ya laptopu, imekufa, nitafute laki moja na nusu, eti chanzo ni vumbi la dagaa na unyevu wa ziwa. Nikaamini. Kwangu hata shati la kanisani linanuka dagaa.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, yuko chuo, alikuja likizo. Akaniuliza, "Mjomba, kama ugonjwa uko kwenye Windows, mbona iligoma hata Windows mpya ilipokuwa inawekwa?" Sikuwa na jibu. Akaweka programu ya bure, MemTest86, kwenye flashi, akaiwasha laptopu kwa hiyo flashi bila kugusa Windows kabisa, tukaiacha ipime RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta inafanyia kazi, usiku kucha. Haikupita saa moja mistari myekundu ikaanza kujipanga kiooni.

Asubuhi akachomoa chaja na betri, akafungua mfuniko wa chini. RAM zilikuwa mbili, GB 4 kila moja, bapa, urefu wa kidole. Ukitanua vishikizo vya pembeni inainuka yenyewe. Akasugua meno ya RAM hizo, yale ya rangi ya dhahabu, kwa raba ya mwanafunzi, akarudisha, akapima: makosa yale yale. Ndipo akapima moja moja. Ya kwanza safi. Ya pili, mistari. Akazibadilishia matundu, na mistari ikaifuata ile ya pili. Ingebaki kwenye tundu, alisema, hapo ndipo tungeihofia mazabodi.

Nilinunua nyingine iliyotumika kwa Sh25,000. Alinikazania nisome kibandiko kwanza: yangu ni PC3L, yaani aina ya DDR3, na ukileta DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali pengine. Tangu hapo laptopu haijajizima.

Fedha nimesamehe. Kinachoniuma ni hesabu. Kupiga Windows kulifuta mafaili, na lile nililowahi kulihamishia kwenye flashi halikufunguka, kwa kuwa RAM mbovu huweza kuharibu kinachopita ndani yake kabla hakijahifadhiwa. Mama mmoja wa Ukerewe alisema ameleta magunia 14, kwangu hayaonekani. Tulikata shauri kwa daftari lake la shule, lile lile nililokuwa namcheka nalo.

Ombi langu: fundi apime RAM kwanza, anionyeshe majibu, ndipo ataje bei. Windows yenyewe ina kipimo, unaandika mdsched pale pa kutafutia, inajiwasha upya na kuanza kupima. Mpwa wangu anasema kile cha flashi, kikiachwa usiku kucha, hunasa hata makosa yanayokiponyoka hiki. Iwe kipi, kipimo hakimgharimu fundi zaidi ya muda.

RAM yangu mbovu nimeifunga kwenye funguo za stoo. Fundi yule akitaka kuiona, aje Mwaloni asubuhi, aulize karani.

Karani wa dagaa,
Kirumba, Mwanza