Konea imekazwa, mbona bado sioni vizuri?

Wiki iliyopita kijana mmoja alisimama mapokezi ya kliniki yetu ya macho, risiti mkononi, akasema tumekula hela yake. Miezi sita nyuma tulimkaza konea ya jicho la kulia, na mpaka leo herufi zina vivuli na taa za magari usiku zinatoa mikia. Maneno yale yalituuma. Siku ya kwanza tulimweleza kwamba kukaza ni kuzuia ugonjwa usizidi, si kurudisha uoni, na fomu aliyotia sahihi inasema hivyo hivyo. Lakini si wa kwanza kulalamika, kwa hiyo tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Keratokonasi, ugonjwa alio nao kijana huyu, ni ugonjwa wa umbo. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hukonda na kuchomoza kama pia. Konea yenye afya ina unene wa karibu maikroni 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Za wagonjwa wetu tumepima hadi chini ya 400. Uso wake ukishakuwa na vilima na mabonde, mwanga haukutani mahali pamoja, na hapo miwani hushindwa, kwa sababu miwani hurekebisha mpindo uliopangika tu.

Kukaza konea, au krosilinki, ni kuizuia isizidi kuharibika. Tunaondoa utando laini wa juu, tunadondoshea riboflavini, ambayo ni vitamini B2, mpaka konea inywe, halafu tunaimulika kwa mwanga wa urujuanimno. Katika utaratibu uliochapishwa na madaktari wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2003, kumulika peke yake ni dakika 30. Nyuzi za konea hushikana na kuwa imara. Siku chache za mwanzo jicho huuma, na uoni unaweza hata kufifia kwa wiki kadhaa. Wapo ambao kilima cha konea hushuka kidogo baadaye wakaona afadhali. Hilo hatulipigii hesabu wala hatumwahidi mtu.

Kuona vizuri ni kazi nyingine, na ndipo upasuaji unapounganishwa. Kwa mmoja tunapitisha vipande vya pete vya plastiki ndani ya konea, kwenye mfereji uliochongwa kwa leza, ili vivute kile kilima kishuke. Vinaweza kuingizwa kabla ya kukaza au siku ile ile. Kwa mwingine, mwenye konea nene kidogo, tunasawazisha uso kwa leza inayofuata ramani ya jicho lake, yaani picha ya rangi inayoonyesha vilima na mabonde ya konea, na kuikaza papo hapo. Hapo tunaondoa kidogo sana, kikomo maikroni 50 hivi, maana shabaha ni kulainisha mabonde, namba ya miwani haiondoki yote. Ikibaki namba kubwa na konea imetulia, tunapandikiza lenzi ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili.

Imetulia. Neno hilo ndilo linalogombanisha watu nasi. Mama mmoja alitaka lenzi ya ndani mara moja, bila kukazwa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha matokeo haraka. Tulikataa. Alifanyiwa kwingine, akaona vizuri sana, na alifurahi kwa haki. Baada ya mwaka na ushee konea ilikuwa imechomoza zaidi na kipimo cha lenzi hakikumfaa tena. Akalipia kukazwa, kisha akalipia kubadilishwa lenzi. Mwingine tulimwambia wazi kwamba lasiki, upasuaji wa leza wa kuondoa miwani, haimfai, kwa sababu inapunguza konea iliyokwisha kukonda. Alipata mahali walipokubali. Leo anasubiri kupandikizwa konea ya marehemu.

Kuna njia ya mkato ndogo zaidi, na hii hutusumbua kila wiki. Tunakuomba uache lenzi ngumu, zile za kuvaa juu ya jicho, wiki kadhaa kabla ya kupimwa. Unazivaa mpaka jana yake, unatuambia umeziacha. Lenzi ile hukandamiza konea, ramani inatoka ya uongo, na pete huchaguliwa unene na urefu kwa ramani hiyo hiyo. Tukishuku, tunakurudisha nyumbani na kupima upya, na kipimo hicho unakilipia. Hatuoni haya kukitoza. Na kufikicha macho, tafadhali acha, hata yakiwasha vipi. Omba dawa ya mzio.

Mbona basi hatutozi bei moja ya jumla? Kwa sababu wengi hawahitaji yote. Tuna wagonjwa waliokazwa konea tu, wakavaa lenzi ngumu, wanasoma mstari wa chini kabisa wa ubao. Kuwauzia pete na lenzi siku ya kwanza ndiko kungekuwa kuwala hela.

Yule kijana tulimkalisha mbele ya skrini, tukaweka ramani zake mbili sambamba. Kilima cha jicho la kulia hakijaongezeka hata kidogo. Unene unatosha, pete zitamfaa. Halafu tukafungua ramani ya jicho la kushoto, ambalo alikataa lisikazwe kwa kuwa linaona. Ndani ya miezi ile ile sita mpindo wake umepanda dayopta 2, dayopta ikiwa kipimo kile kile cha namba ya miwani. Tulimshauri fedha aliyotunza kwa ajili ya pete iende kwanza huko. Alinyamaza muda mrefu akiangalia zile rangi nyekundu, akauliza nafasi ya karibu ni lini. Jumanne anakuja, jicho la kushoto.