Kutu ya Nakago Usiiondoe: Tunavyotambua Upanga wa Kale wa Kijapani

Kosa linalomgharimu mkusanyaji kuliko yote hufanyika nyumbani kwake, kabla upanga haujatufikia sisi wathamini. Anafungua mpini, anakuta chuma cha ndani kimevaa kutu nyeusi, anadhani ni uchafu, anachukua msasa na kusugua mpaka king'ae. Kwa robo saa amefuta ushahidi uliojiandika kwa miaka mia nne. Bapa likishika kutu, fundi mnoaji anaweza kuliokoa. Kutu ya zamani ya nakago ikishaondoka, hairudi.

Nakago ndiyo sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mhunzi wa Kijapani aliisawazisha kwa tupa, akachonga jina lake kwa tindo, kisha akaiacha ishike kutu yenyewe. Kwenye upanga wa karne ya 15 au 16 kutu hiyo huwa ya kahawia iliyoiva karibu na weusi, laini ukiipapasa. Iliyoghushiwa kwa tindikali huwa na mabaka, na mara nyingi huacha unga wa rangi ya machungwa kidoleni. Chukua lenzi inayokuza mara 10 utazame ndani ya mifereji ya herufi. Jina la kweli limezeeka pamoja na chuma chake, kwa hiyo kutu ya ndani inalingana na ya nje. Jina lililoongezwa baadaye huikata kutu: kingo zake ni kali na chini ya mfereji rangi ni nyingine. Ukishapiga msasa, hakuna mtu atakayeweza kukuambia lipi ni lipi.

Kufungua mpini

Mpini hushikiliwa na kijiti kimoja cha mwanzi, mekugi, wakati mwingine viwili. Kijiti hicho ni chembamba upande mmoja, basi kisukume kutoka upande huo mwembamba kwa kipande cha mti au shaba. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likielekea juu kwa mshazari na makali yakitazama mbali nawe. Piga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia, taratibu sana mara ya kwanza, kwa sababu nakago fupi inaweza kuruka ghafla. Ikilegea, shika habaki, ile pete ya metali iliyo chini ya bapa, uvute. Ikigoma, acha. Nyundo na koleo huvunja mpini na kutia alama zisizofutika. Nakago unaweza kuigusa, lakini bapa usiliguse kabisa: jasho la kidole huanzisha kutu.

Sasa hesabu matundu ya kijiti kwenye nakago. Tundu moja, na mwisho wa nakago wenye umbo kamili, huonyesha upanga haujakatwa. Matundu mawili au matatu mara nyingi yanamaanisha ulifupishwa. Panga ndefu za kale za kupanda farasi, tachi, zilifupishwa kwa kukatwa upande wa nakago ili zivaliwe kama katana, na jina likaenda na kipande kilichokatwa. Ndiyo maana upanga usio na jina si upanga duni. Tunapendelea kabisa upanga mzuri usio na jina kuliko ule ulioandikwa jina la mhunzi mashuhuri kama Masamune au Kotetsu kwa mkono wa tapeli, na majina hayo mawili ni miongoni mwa yaliyoghushiwa mno. Jina la Sukesada wa jimbo la Bizen nalo lisikupeleke mbio, kwani katika karne ya 16 lilitumiwa na wahunzi wengi, na panga nyingi zenye jina hilo zilifuliwa kwa haraka kwa ajili ya vita.

Upande wa jina nao unasema kitu. Simamisha bapa ncha ikiwa juu, jina likikutazama. Makali yakiwa kushoto, hiyo ni sahihi ya katana. Yakiwa kulia, ni ya tachi. Ila wahunzi wa ukoo wa Tadayoshi wa jimbo la Hizen walisaini hata katana upande wa tachi, kwa hiyo alama hii usiitumie peke yake.

Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kwenye kishimo kilicho mgongoni mwa bapa, palipo na habaki. Chini ya sentimita 30.3 ni tanto, kutoka hapo hadi 60.6 ni wakizashi, zaidi ya hapo ni katana au tachi.

Makali, mwanga na nyufa

Zima taa zote, bakiza balbu moja isiyofunikwa. Elekeza ncha karibu na balbu, ukitazama pembeni mwa mng'ao wake na kusogeza bapa polepole. Hamon, mpaka kati ya makali magumu na mwili laini wa feleji, itaonekana kama ukungu mwembamba, au punje zinazometa moja moja kama chembe za mchanga mweupe. Hamon iliyochorwa kwa tindikali haina punje wala kina. Ni weupe bapa, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Angalia pia usidanganywe na weupe ambao mnoaji huuongeza kwa jiwe: hamon yenyewe iko chini yake. Mtindo mmoja wenye vichwa vya duara vilivyosongamana huitwa choji, yaani karafuu, kwa kufanana na vitumba vyake, na mafuta ya kulindia bapa yana jina hilohilo. Anayejua harufu ya Pemba wakati wa mavuno ataitambua chupa hiyo akiifungua.

Wakati mwanga bado uko pale, tafuta hagire: ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kwa kusimama wima. Unaweza kuwa wa milimita 2 tu, na unaua karibu thamani yote, kwa kuwa hapo ndipo upanga utakapovunjikia na hakuna kunoa kunakoutibu. Pengo dogo kwenye makali hunoleka. Lengelenge linatokana na feleji isiyoungana vizuri wakati wa kufuliwa, na kunoa kunaweza kulipasua. Mabaka yaliyofifia, yasiyo na ile mistari ya feleji inayofanana na ya mbao, yanaonyesha upanga umenolewa mara nyingi hadi feleji ya nje ikaisha na moyo laini wa ndani ukatokea. Kwenye ncha, hamon inapaswa kugeuka na kurudi mgongoni. Ikitoka nje kwenye makali, huenda ncha ilivunjika ikaundwa upya.

Panga za kijeshi ni jambo la peke yake. Ule wa aina ya 95, wa masajini na makoplo wa jeshi la Japani, ulitengenezwa kwa mashine: una namba iliyopigwa kwenye bapa na, kwa kawaida, mpini wa alumini uliopakwa rangi ufanane na kamba zilizosokotwa. Mhuri wa Seki, mji wa wahunzi, au wa Showa, jina la enzi ya kifalme ya wakati huo, kwenye nakago huonyesha bapa lisilofuliwa kwa njia ya jadi. Lakini baadhi ya maofisa walivalisha bapa la kale la ukoo vifaa vya jeshi, basi usiuhukumu upanga kwa ala yake.

Hati

Wengi hutuletea torokusho wakiamini ni cheti cha uhalisi. Hiyo ni hati ya usajili inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa nchini Japani. Inataja urefu, mkunjo na maandishi yaliyomo, haithibitishi kwamba jina ni la kweli. Uthibitisho hutolewa na jopo la wataalamu, maarufu zaidi likiwa la NBTHK, chama cha kuhifadhi sanaa ya panga za Kijapani kilichoanzishwa mwaka 1948 Tokyo, kwa daraja nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Maoni yetu hayachukui nafasi ya jopo. Yanakusaidia kuamua kama gharama ya kuupeleka inafaa. Usiupeleke upanga wa kiwandani Japani, kwani hausajiliki huko na hutarudishiwa.

Vilevile usimpe mnoaji bapa zima kabla hatujaliona. Kunoa hulipwa kwa urefu na kunaweza kuzidi bei ya upanga. Mwombe kwanza afungue dirisha dogo, yaani anoe sehemu ya sentimita chache tu.

Kwa tathmini ya awali tunahitaji picha za nakago pande zote mbili, zilizopigwa wima bila fleshi na rula ikiwa kando, picha ya bapa tupu pande zote mbili, na ya ncha kwa karibu. Ukimaliza, lipake bapa mafuta kidogo sana, rudisha nakago taratibu mpaka ikae, na ingiza kijiti kilekile kwa upande kilikotokea. Kikiwa kimepasuka, chonga kingine cha mwanzi mkavu, usiweke msumari.