Polisi mstaafu anaomba uhakimu, tumuulize mapema

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mgombea alipiga hodi nyumbani kwetu hapa Pennsylvania. Ni polisi mstaafu, anaomba kura awe hakimu wa wilaya yetu. Mama mkwe wangu, aliyekuja Marekani kama mkimbizi kutoka Kivu, aliposikia neno polisi aliinuka akaingia chumbani, akarudisha mlango. Mzee yule alivua kofia, akabaki kizingitini, akaniuliza jina langu mara mbili ili alitamke sawasawa. Nayasema haya nisije nikamdhulumu. Ni mtu wa heshima.

Wasomaji walioko Afrika Mashariki watashangaa, maana huko hakimu huteuliwa. Hapa hupigiwa kura, muhula wake ni miaka 6, na sheria ya jimbo hailazimishi awe mwanasheria. Asiye mwanasheria huhudhuria kozi, akafanya mtihani na kufaulu.

Kinachonikosesha raha ni kazi yenyewe. Hakimu huyu ndiye anayetia saini hati za upekuzi zinazoletwa na polisi. Ndiye anayepanga dhamana ya aliyekamatwa usiku, na ndiye anayeamua kama shauri la jinai lina uzito wa kwenda mahakama ya juu. Ukipinga faini ya barabarani, askari aliyekuandikia ndiye anayesimama mbele yake kueleza. Yaani kutwa atakuwa anapima maneno ya watu aliokesha nao lindoni. Nilimuuliza: akija askari uliyemfundisha kazi, utajitoa kwenye kesi hiyo? Akanyamaza kidogo, akasema itategemea kesi. Nilishukuru kwamba hakunidanganya, lakini jibu halikunitosha.

Nikamuuliza habari za wapangaji, maana hapo ndipo watu wetu wanapoijua mahakama hii. Mwenye nyumba akikushtaki, kesi hupangwa kusikilizwa kati ya siku 7 na 15. Ukishindwa, kwa kawaida una siku 10 tu za kukata rufaa usitolewe ndani. Mwaka juzi nilimsindikiza jirani, mama wa watoto wanne, risiti zake za kodi kazitia kwenye mfuko mtupu wa unga wa mahindi. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuomba mkalimani, nami sikulijua hilo. Kila alipoulizwa aliitikia ndiyo kwa Kiingereza, kwa adabu tu. Dakika chache, kwisha. Risiti hazikutoka mfukoni.

Mgombea alisema mambo hayo atayasoma kwenye kozi. Mimi nataka ayajue kabla hajaja kuomba kura.

Na kura yenyewe, ndugu zangu mlioapa uraia, haisubiri Novemba. Mgombea wa uhakimu anaruhusiwa kuingia kwenye mchujo wa vyama vyote viwili, Democratic na Republican. Akishinda kote kuwili mwezi Mei, Novemba jina lake husimama bila mpinzani wa vyama hivyo. Mchujo nao ni wa waliojiandikisha na chama tu, na wengi wetu tulijaza kwamba hatuna chama, tukidhani ndiyo salama. Kubadilisha hakuna malipo, mradi ufanye siku 15 au zaidi kabla ya mchujo.

Mama mkwe sasa ni raia. Fomu yake tumeijaza jana. Nyuma ya kadi aliyotuachia yule mzee, mama mkwe ameandika swali la mkalimani kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii anasema atafungua mlango yeye.

Msomaji wenu,
Pennsylvania, Marekani