Barua ya wazi kwa Baba Askofu: ile safu ya "waliookoka" imenishinda kujaza

Baba Askofu, Bwana Yesu asifiwe.

Mi ni katibu wa kanisa mojawapo kati ya yaliyo chini yako, sitalitaja maana mchungaji wangu ni mtu mwema na sitaki aitwe ofisini kwa ajili yangu. Kila mwisho wa mwaka kazi yangu ni kujaza ile fomu ya ripoti, na mwaka huu imenikwama. Barua mbili za ndani nilishaandika nikajibiwa "imepokelewa", basi, ndo nimeamua kuandika hadharani.

Fomu inauliza mahudhurio, waliookoka, waliobatizwa, fungu la kumi, sadaka ya ujenzi, na siku hizi mmeongeza watazamaji wa laivu. Zote najaza vizuri tu, shida ni hiyo ya pili. Kuna kaka mmoja hapa kwetu, fundi mzuri sana, kila mkutano wa injili ukija anatoka mbele, analia machozi ya kweli kabisa, anaongozwa sala ya toba, mhudumu anamwandika jina na namba ya simu kwenye kadi. Nimepitia kadi za mwaka mzima nimemkuta mara tatu. Waliookoka watatu, mtu mmoja, na mkewe bado anakuja ibadani na miwani ya jua siku ambayo hakuna jua. Sasa niandike tatu au moja? Kadi zenyewe zikishaandikwa zinaingia kwenye boksi, boksi linaenda stoo, nimeingia stoo mwenyewe nimeyakuta mabox yamepandana chini ya spika mbovu, na sijaona hata kadi moja yenye alama kwamba kuna mtu alipiga hiyo namba.

Najua kuna watakaosema nashambulia watumishi wa Mungu. Hapana jamani. Mimi mwenyewe kanisa limenitoa kwenye pombe, ila hebu niseme ilivyokuwa, maana mahubiri niliyasikia miaka na nikawa natoka nayo moja kwa moja hadi kilabuni. Mama mmoja wa kikundi cha nyumbani alikuwa anakuja kwangu kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, muda ule ule niliokuwa natoka kwenda kunywa, anakaa, anafuma kitambaa chake, anauliza habari za watoto, wakati mwingine hata hasali, saa tatu anaaga. Miezi saba! Nilikuwa namchukia, nasema ukweli. Nikaacha, nikaanguka tena, hakwenda kumwambia mchungaji wala nani, Alhamisi akaja na kitambaa chake kama kawaida. Kwenye fomu yenu huyo mama hana mahali pa kuandikwa, na kikundi chenyewe kilivunjwa ili wahudumu watoshe kwenye ibada ya pili, kukaribisha wageni na kushika kamera.

Ndo maana mtu akiniuliza makanisa ya sasa yanabadilisha maisha nasema ndiyo, ila mara nyingi ni pale ambapo hamhesabu. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, hakunyoosha mkono macho yakiwa yamefumbwa, alisimama akataja nusu ya mali yake kwa maskini na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne, ndipo Yesu akasema wokovu umefika kwenye nyumba ile. Waganga wa Efeso kwenye Matendo 19 walichoma vitabu vyao, thamani yake ikapigwa hesabu ikawa vipande 50,000 vya fedha, yani hata wale walihesabu, ila walihesabu hasara. Na ule uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, watu walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba.

Sisi ushuhuda wetu ni kupata. Kazi, gari, mchumba, safari. Kuna Jumapili alisimama mhasibu mmoja akasema ameenda kwa bosi wake akakiri hela alizokuwa anachota kidogo kidogo na ameanza kuzilipa, na hajui kama kazi itabaki. Kanisa zima kimya, hata mpiga kinanda hakugusa. Aliyemfuata akasema amepata nyumba, watu wakaruka juu ya viti.

Utaniambia mabadiliko huchukua muda, na hapo nakubaliana nawe kabisa. John Newton, yule Mwingereza aliyetunga wimbo wa Amazing Grace, alimlilia Mungu kwenye dhoruba mwaka 1748, halafu akaendelea na biashara ya watumwa, akawa hadi nahodha, akaacha mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa wala si dhamiri, na mwaka 1788 ndo akatoka hadharani kuandika jinsi anavyoionea aibu. Miaka 40! Tungekuwa na fomu yetu siku zile angejazwa mapema tu, ameokoka, huku watu wamefungwa minyororo kwenye tumbo la meli yake. Mimi simhukumu, mimi mwenyewe sijamaliza, ila dhoruba tusiiite mavuno.

Ninachoomba sio kikubwa. Vikundi vya nyumbani virudi hata kama ibada ya pili itakosa kamera. Kadi ikishaandikwa mtu apige simu, na baada ya miezi sita aende nyumbani asimuulize aliyeokoka, amuulize mkewe au mumewe, watoto, yule anayemdai. Halafu fomu iwe na nafasi ya kuandika wanachosema hao, hata mistari miwili tu.

Ya mwaka huu ninayo hapa mezani, imejaa yote imebaki hiyo safu. Kuna mkutano mwingine mwisho wa mwezi na yule kaka kashaniambia atakuja. Akitoka mbele nimwandike wa nne?

Katibu wako.